Taa za Tela la Mama Mchungaji

Mchungaji mwenyewe alikuwa ameshazikwa siku nyingi, na nyumba ya usharika ilikuwa imechukuliwa na mchungaji mwingine mwenye mke mwingine, lakini sisi wa Kitendaguro tuliendelea kumwita yeye Mama Mchungaji, na yule mgeni ikabidi tumtafutie jina jingine. Hakulidai jina hilo wala hakulikataa. Aliitika kama mtu anayeitwa akiwa jikoni, mikono ingali na kazi.

Nilikuwa jirani yake miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni Mkatoliki, mambo mawili ambayo aliyavumilia. Kati ya kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na changu kulikuwa na njia ya miguu tu, na migomba yake iliinamia kwangu bila kuomba ruhusa. Mkungu ukiangukia upande wangu alikuwa akisema, "Huo ni wako, Mwalimu. Mimi siwezi kuufuata." Jioni alituma mtu kuuliza kama ndizi zilikuwa nzuri.

Kazi yake ilikuwa viti. Kikundi cha akina mama wa mtaa kilikuwa na viti vya plastiki na maturubai ya kukodisha kwa wenye sherehe na kuazima kwa wenye msiba, na kwa kuwa misiba ilikuwa mingi kuliko sherehe, viti vilishinda vikiazimwa. Yeye ndiye aliyekuwa na chombo cha kuvibeba: pikapu aliyoachiwa na marehemu, na tela dogo la chuma la kufunga nyuma yake. Akifa mtu Rwamishenye, viti vilikwenda. Akifa mtu Rubafu, viti vilikwenda. Akifa mtu wa ukoo wa jirani huko Muleba, Mama Mchungaji alivaa viatu vyake vya kamba, akachungulia mafuta, akaondoka.

Ukimwambia, "Pole na kazi, Mama," hakujibu kama watu wengine. Alisema, "Shika upande huo." Wengi walijifunza kumpa pole wakiwa mbali.

Jambo moja liliwaudhi watu. Akishafika msibani na kupanga viti, hakwenda kaburini. Alirudi kwenye pikapu, akafungua mlango, akavua viatu, akakaa hapo miguu ikining'inia mpaka watu waliporudi kutoka kuzika. Wengine walisema ni maringo. Siku moja nilimuuliza, kwa sababu hata mke wangu alikuwa ameanza kusema.

"Mwalimu," alisema, "nimezika watu wa sharika ngapi nikiwa nimesimama kando ya mchungaji? Mvua, jua, tumbo lina mtoto, nimesimama. Sasa nazika nikiwa nimekaa. Mungu ananiona hata hapa."

Wakati wa ibada ndefu alilala usingizi, mgongo wima, kitabu cha nyimbo wazi mkononi, na wimbo ulipoanza alifumbua macho akaimba kutoka neno la kwanza bila kukosea. Kahawa ya kutafuna aliiweka kwenye mfuko wa gauni, ile tunayoichemsha na majani na kuikausha, na aliitafuna akiendesha ili asisinzie. Gari alilisemesha kwa Kihaya, kwa upole, kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Watu waliomkasirisha aliwasema kwa Kiswahili. Kwa hiyo ukisikia ameanza Kiswahili barabarani, ulijua kuna dereva anapata anachostahili.

Katika suala la uongo alikuwa mkali kupita marehemu mumewe. Kwaya ikimuuliza imeimbaje, alisema, "Mmeimba muda mrefu." Mama mmoja wa jirani yetu alimletea mtoto mchanga amwone, naye akamtazama vizuri, akasema, "Amefanana na babu yake. Babu yake hakuwa mzuri wa sura, lakini aliishi sana." Yule mama aliondoka akiwa hajui kama amebarikiwa au ametukanwa. Ninataja hili kwa sababu ya yaliyotokea baadaye, maana mtu huyuhuyu nilimshuhudia akisema uongo mbele yangu, na mimi nikiwa ndiye msaidizi wake.

Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, wa kiume, naye alikuwa Marekani. Alikuwa huko kwa muda ambao mama yake hakupenda kuuhesabu. Alipiga simu kila alipotoka zamu, na Mama Mchungaji alimsimulia habari za kijiji: nani kafa, nani kajenga, mvua imenyeshaje. Katika maongezi hayo siku moja alimwambia kwamba askari wa barabarani amemsimamisha Kemondo kwa sababu tela halina taa. Ni kweli halikuwa na taa. Kioo kimoja kilivunjwa na jiwe barabara ya Rubafu, na taa ya pili iling'olewa na mtu asiyejulikana tukiwa msibani, tunamwimbia marehemu. Alimwambia kama habari tu, hakuomba kitu.

Sanduku lilifika wakati wa senene, wale panzi tunaowala, likiletwa na mtu aliyekuja likizo. Ndani yake mlikuwa na taa mbili za LED, nyekundu, bapa, zilizozibwa kwa mpira ili maji yasiingie, na waya mrefu wenye plagi pana ya nyaya nne. Mama Mchungaji alizipanga mezani kwenye kitambaa cha kufumwa, chini ya picha ya marehemu, na zikakaa hapo siku kadhaa kama wageni. Kila aliyeingia alionyeshwa.

"Angalia. Hazina balbu. Hazivunjiki. Kijana amezitafuta mwenyewe dukani."

Tulizipeleka kwa fundi umeme wa magari pale Rwamishenye, mtu mnene, mpole, aliyefanya kazi akiwa amekaa kwenye tairi. Alizigeuza, akachungulia nyaya za pikapu, akatikisa kichwa.

"Mama Mchungaji, pikapu yako inapeleka breki kwenye waya wake, indiketa ya kushoto kwenye waya wake, na ya kulia kwenye waya wake. Hizi taa za kijana ni za kule. Kule taa moja nyekundu inafanya kazi ya breki na ya indiketa kwa waya mmoja. Hazielewani na gari lako."

"Wewe zielewanishe."

Alijaribu. Aliunganisha waya wa breki na nyaya za indiketa, akapakaa gundi, akamwambia awashe indiketa ya kushoto. Taa zote zikaanza kupepesa: kushoto, kulia, na hata taa za breki za pikapu yenyewe, kama duka la muziki. Umeme wa indiketa ulikuwa unarudi kwa njia ya breki na kuzunguka kila mahali. Fundi alizima, akajifuta mikono.

"Mama, hizi weka ukumbusho. Kesho nakufungia za kawaida."

Fundi alisema kweli. Nilifikiri hivyo siku ile na ninafikiri hivyo hata leo. Mama Mchungaji alimshukuru, akazifungua taa zake, akazifunga kwenye kanga, na tukarudi nyumbani. Tulipofika kwenye kona ya Kitendaguro ndipo aliposema, "Mwalimu, una bisibisi?"

Siku ileile jioni kijana alipiga simu ya video. Alikuwa anataka kuziona taa. Mama Mchungaji alikuwa amekaa barazani, tela likiwa mbele yake, taa zimetundikwa kwa waya tu, hazijaungwa popote.

"Mama, zinawaka?"

Nilimwona akitazama simu, kisha akanitazama mimi. Alinyoosha kidole kwenye betri ya pikapu iliyokuwa chini, tuliyokuwa tumeishusha kuichaji. Nikaelewa. Niliinama, nikaugusisha waya mmoja upande mmoja na mwingine upande wa pili. Taa zikawaka, nyekundu kali, mpaka ukuta ukabadilika rangi.

"Zinawaka," alisema.

"Eh! Mama, sasa utaonekana!" Kijana alicheka kule aliko, kicheko cha mtoto. "Sasa hakuna atakayekugonga."

"Nitaonekana, mwanangu."

Simu ilipokatika nilitoa nyaya. Alikaa kwenye mkono wa tela, akainama.

"Mwalimu, nimesema uongo."

"Lakini zimewaka, Mama. Hukusema uongo."

"Usinifundishe," alisema.

Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini asimwambie tu kwamba hazifai. Alichagua punje ya kahawa mfukoni, hakuitafuna.

"Nikimwambia hazifai, atatuma nyingine. Hizo nazo zikikataa, atatuma nyingine. Nitakuwa na stoo ya taa. Mimi sitaki stoo ya taa, Mwalimu." Akatupa ile punje. "Afadhali aamini kwamba amenisaidia. Mtu akiona amekusaidia, hakuogopi, anaendelea kukupigia."

Hakujua lolote kuhusu umeme. Tena aliuogopa. Mvua ikianza kunguruma alizima swichi kubwa ya nyumba na kukaa gizani na kandili. Lakini fundi alikuwa amemwambia kwamba umeme wa betri ya gari hauui mtu, na tangu siku hiyo aliudharau kidogo, akauita "umeme wa watoto". Alianza nao taratibu. Alivaa miwani ya marehemu, ambayo haikuwa ya macho yake, akaiweka juu ya pua na kuinua kidevu. Hakuwa na chuma cha kuchomelea. Alipasha moto msumari mkubwa kwenye jiko la mkaa na kuyeyushia hapo risasi ya kuungia nyaya. Aliungua vidole. Kila jioni nikitoka shule nilisikia, "Mwalimu! Njoo ukanyage."

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilikaa kwenye kiti cha dereva, yeye akakaa nyuma ya tela kwenye kiti cha plastiki, na akaanza kuamuru.

"Kanyaga!"

Nakanyaga.

"Achia! Washa kushoto! Zima! Kanyaga tena! Umekanyaga?"

"Nimekanyaga, Mama!"

"Basi hakuna kitu. Shuka tunywe chai."

Mtengeneza redio wa pale mtaani alitupatia daiodi, vidude vidogo kama punje za mtama vyenye mguu huku na huku. Vinapitisha umeme kwenda upande mmoja na kuukatalia usirudi. Mama Mchungaji alivipenda sana. Aliviweka kwenye kila waya, na kweli, zile taa ziliacha kucheza ngoma. Breki ikawasha zote mbili. Kushoto ikapepesa kushoto, kulia ikapepesa kulia. Tukafurahi, tukafunga kila kitu chini ya tela kwa mpira wa tyubu.

Kasoro moja ilibaki, na aliiona yeye mwenyewe. Akikanyaga breki huku amewasha indiketa, taa haikupepesa. Iliwaka moja kwa moja, kwa sababu breki ilikuwa inaishikilia. Ili kuifidia alitoa mkono dirishani kila alipokata kona. Alidhani inatosha.

Haikutosha. Tulikuwa tunatoka mazikoni Muleba, jioni mwanga umeanza kupungua, tela limejaa viti mpaka vinaificha pikapu na taa zake. Kwenye mteremko alikanyaga breki, akawasha indiketa ya kulia, akatoa mkono, akaanza kuingia kwenye barabara ya vumbi kuwarudishia watu fulani turubai lao. Kijana wa bodaboda alikuwa nyuma yetu. Aliona taa nyekundu zimewaka tu, akafikiri tunasimama kando ya barabara, akaanza kutupita kwa upande wa kulia. Aligonga kona ya tela. Nilisikia viti vikimwagika kabla sijasikia yeye akilia.

Mama Mchungaji alishuka pekupeku, kwa sababu alikuwa ameendesha bila viatu. Aliondoa viti juu yake kimoja kimoja. Bega la yule kijana lilikuwa limekaa vibaya, mfupa umeisukuma ngozi. Tulimlaza nyuma ya pikapu, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na tukageuza kwenda hospitali. Njiani dirisha dogo la nyuma lilikuwa wazi, na kijana akasema kupitia hapo, "Mama, hukuwasha indiketa."

"Niliwasha."

"Sikuiona, Mama. Haki ya Mungu sikuiona."

"Najua hukuiona," alisema.

Kesho yake alifungua zile taa za LED kwa mikono yake, akazirudisha kwenye sanduku, na kumwita fundi wa Rwamishenye afunge taa za kawaida, zile zilizotakiwa tangu mwanzo. Fundi alikuja, akafunga, hakusema "nilikwambia". Lakini viti havikuondoka. Mama Mchungaji hakutaka kuendesha. Watu walikuja kumwomba, wakamkuta amekaa barazani, funguo ziko mezani.

"Chukueni. Nani anajua kuendesha? Chukueni."

Ilikuwa vigumu kumpata wa kuendesha. Viti vingine vilikwenda msibani juu ya vichwa vya watu.

Yule kijana alilazwa, akatoka, mkono wake ukapona lakini haukupanda tena juu ya bega. Mama Mchungaji alikwenda kumwona mara kwa mara na ndizi na maharage. Kijana alimwambia zaidi ya mara moja kwamba hana kinyongo, kwamba barabara ndivyo ilivyo. Yeye alisikiliza, akarudi nyumbani vilevile alivyokwenda. Niliona amekonda. Mikono yake, ambayo haikujua kukaa bure, ilikuwa imelala mapajani.

Na mwanawe aliendelea kupiga simu. "Taa je, Mama?" "Zipo." "Hazijasumbua?" Alitazama sanduku pembeni. "Hazijasumbua."

Aliyelianzisha upya jambo hilo ni fundi. Alipita siku moja akielekea kwenye kazi nyingine, akasimamisha baiskeli yake.

"Mama, nimekuwa nikizifikiria zile taa zako. Hata usingizini. Daiodi peke yake haiwezi. Zinatakiwa rilei."

Alimweleza. Rilei ni swichi, lakini badala ya kubonyezwa na kidole inabonyezwa na umeme wenyewe. Ukiweka moja kwa ajili ya breki na moja kwa kila upande, unaweza kuzipanga ili indiketa inapopiga wakati breki imewaka, taa izime. Ikiachia, taa iwake. Kwa mtu aliye nyuma, kuwaka na kuzima ni kupepesa, haidhuru kimeanza kipi.

"Niletee nikufungie," fundi alisema.

"Hapana. Nionyeshe tu. Na safari hii haitoki hapa mpaka niamini."

Fundi alileta rilei tatu alizozing'oa kwenye magari chakavu. Masika yalikuwa yameanza. Mvua ilipiga mabati, na sisi tukakaa barazani, betri katikati yetu, taa za LED zimeegemezwa ukutani. Tela lilikuwa uani na taa zake za kawaida, halikuhusika. Alikosea mara nyingi. Mara moja waya ulitoa moshi, akaurusha kwenye mvua kama nyoka. Mara nyingine kila kitu kilifanya kazi kinyume: breki ilizima, kutokukanyaga kuliwasha. Alicheka siku hiyo, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, akasema, "Hii ni taa ya mtu mkaidi." Siku nyingine nilichoka mimi. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikamwambia hivyo.

"Nenda," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi pia nimechoka, Mwalimu. Lakini nikiacha nitaanza kufikiri."

Nilikaa.

Mwishowe rilei zote tatu ziliingia kwenye kopo la siagi, zimeshikwa na nta ya mshumaa zisigongane, nyaya za pikapu zikiingilia upande mmoja na nyaya nne za taa za mwanawe zikitokea upande wa pili. Lilikuwa kopo baya kuliangalia. Tulilifunga chini ya tela, tukarudisha taa za LED, tukajaribu uani. Kila tela lilipotikisika, taa zilitetemeka. Fundi akaja akagundua kwamba umeme ulikuwa unarudi kupitia chuma cha kuungia tela, chenye kutu. Akatwambia tuvute waya wa pekee wa kurudishia. Tuliuvuta. Zikatulia.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akatuma mtu kumwita yule kijana wa bodaboda.

Alikuja na mwenzake aliyemwendesha. Mama Mchungaji alimtolea kiti, akamweka nyuma ya tela, mbali, pale njia inapoanza.

"Kaa hapo. Mimi sitasema kitu. Wewe ndiye utakayesema unachokiona."

Kisha akaja kwangu. "Mwalimu, kanyaga. Usiachie. Sasa washa kulia."

Nilikanyaga, nikawasha. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona kijana ametoa shingo mbele, anakodoa. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya migomba.

"Unaona nini?" Mama Mchungaji aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kuamuru.

"Breki ya kushoto imewaka. Ya kulia inapepesa."

"Una hakika?"

"Naiona, Mama. Unaingia kulia."

Aliniambia niachie, niwashe kushoto, nikanyage tena. Kijana akasema tena anachokiona. Walirudia mpaka mguu wangu ukaanza kuuma, na kila mara kijana alijibu kwa subira, kama anayesoma herufi kwa daktari wa macho. Alipomaliza, Mama Mchungaji alimshika ule mkono usiopanda, akaushika kwa mikono yake yote miwili kwa muda. "Ahsante, waitu," alimwambia, neno la Kihaya ambalo kwetu huambiwa mtu anayeheshimiwa. Kijana aliona haya, akaangalia chini. Halafu Mama Mchungaji akaingia ndani bila kuaga. Mke wangu alipopeleka chakula alimkuta amelala juu ya kitanda na gauni lake, miwani ya marehemu bado usoni.

Aliendesha tena baada ya hapo, kwa muda. Viti vilikwenda Rubafu, Kamachumu, popote. Lakini hakuwa yule wa zamani. Alikuwa akipumzika njiani, anaegesha kando, anafumba macho kidogo. Kisha asubuhi moja mguu wake wa kushoto ulikataa kushuka kitandani, na mdomo ukaenda upande. Mdogo wake alikuja kutoka Muleba akamchukua. Pikapu na tela vikabaki kwa kikundi cha akina mama.

Nilikwenda kumwona shule zilipofungwa. Nyumba ya mdogo wake iko juu kidogo, na chumba alicholazwa kilikuwa na dirisha linalotazama kibanja. Nilipobisha, aliyenifungulia alikuwa mwanaume mwenye mvi masikioni, mikono ya shati imekunjwa. Nilidhani ni mganga wa zahanati. Kisha nikaona kidevu cha marehemu mchungaji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja."

Mama Mchungaji alikuwa amelala ubavu, macho ameyafumba. Mwanawe alinipa kiti, akaendelea na alichokuwa akifanya. Alikuwa anambadilishia mama yake shuka akiwa juu yake. Alimsogeza kidogo, akaikunja shuka chafu mpaka mgongoni, akalaza safi nusu, akamrudisha, akamalizia upande wa pili. Hakumvuta wala hakutoa jasho. Mke wangu na mimi tulipomuuguza mama yangu tulikuwa wawili na bado tulimuumiza.

"Nani kakufundisha hivyo?" nilimuuliza.

"Ndiyo kazi yangu, Mwalimu. Nyumba ya wazee. Nawageuza, nawaogesha, nawalisha. Miaka yote." Alizungumza polepole akikunja kona za shuka. "Hapa nilisema nafanya kazi hospitali."

"Mimi nilisikia hospitali."

"Niliona ukisema hospitali watu wanafikiri vizuri. Sikutaka Mama ajue kwamba naogesha mama za watu."

"Nimesikia," alisema Mama Mchungaji. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, mazito, lakini yamekamilika.

Kijana alisimama na mto mkononi. Nadhani alitafuta neno la kutupeleka mahali pengine, kwa sababu alinigeukia mimi akauliza kwa uchangamfu, "Mwalimu, zile taa je? Bado zipo?"

Nilitazama kitandani.

"Usimwangalie Mwalimu," mama yake alisema. "Niulize mimi."

"Zipo, Mama?"

"Hazikufaa."

"Niliziona kwenye simu. Ziliwaka."

"Mwalimu alizigusisha kwenye betri."

Akamweleza yote. Alipumzika kati ya sentensi, na mara mbili kijana alimfuta mdomo kwa kitambaa. Alimweleza fundi alivyosema, na daiodi, na mteremko, na yule kijana wa bodaboda na bega lake, na kopo la siagi. Hakujitetea. Alipofika kwenye bega, mwanawe alikaa chini pembeni mwa kitanda, mto mapajani.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza. "Ningetuma nyingine."

"Ndiyo sababu."

Kijana aliinamisha kichwa. Nilitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wao, na sikutaka kupita katikati yao.

"Sasa nakwambia," alisema Mama Mchungaji, "kwa kuwa upo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikikuona."

"Sikukasirikii, Mama."

"Haya." Alipumua. "Na wewe niambie. Unaondoka lini?"

"Nilitaka kukwambia kesho, baada ya—"

"Niambie leo."

Alitazama mikono yake. Nje mdogo wake Mama Mchungaji alikuwa akikata mkungu, panga likapiga mara moja, likapiga tena.

"Jumatano," alisema.

"Jumatano ipi?"

"Hii inayokuja."

Mama Mchungaji alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha alifumbua macho, akamtazama mwanawe vizuri, kama alivyokuwa akimtazama mtoto mchanga wa mtu.

"Basi nigeuze," alisema. "Ubavu huu umechoka."

Kijana aliweka mto kando. Alipitisha mkono mmoja chini ya bega lake na mwingine chini ya nyonga, akasubiri mama yake avute pumzi, akamgeuza upande wa dirisha. Kisha hakuiondoa ile mikono. Alibaki ameinama hivyohivyo, mgongo umepinda, na mama yake hakumwambia aiondoe.